Nywele za Kifuani: Namna ya Kuziondoa Bila Kuumiza Ngozi

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya nywele zinazoota kifuani, kwa wanawake na kwa wanaume, na jinsi mtu anavyoweza kuziondoa bila kuharibu ngozi yake. Najua wengine mtacheka. Chekeni tu, lakini msizime redio.

Nianze na kisa. Siku moja kliniki yetu ilikuwa imejaa akina mama waliokuja kupimisha watoto uzito. Mama mmoja akaingia na binti yake wa miaka 16, mwanafunzi wa shule ya bweni. Jua lilikuwa kali, lakini yule msichana alikuwa amejifunga leso hadi shingoni. Nilipomwomba aifungue, nikaona katikati ya kifua uvimbe mgumu, unaong'aa, wenye ukubwa wa punje ya maharagwe. Pembeni yake kulikuwa na vipele vingine vitatu. Akaniambia unamwasha mpaka halali.

Mama akasema, "Sista, zilikuwa nywele nne tu."

Wenzake walikuwa wamemwona bafuni wakamcheka. Shule ilipofungwa, akachukua wembe ambao kaka zake walikuwa wanautumia, akajifungia chumbani, akanyoa bila maji wala sabuni. Baada ya siku chache nywele zikaanza kuota na kuchoma, naye akanyoa tena. Vipele vikatokea, akavikamua kwa kucha. Kimoja hakikupona, kikaendelea kukua. Hakumwambia mama yake kwa sababu aliona haya. Na mama naye hakuwa amewahi kumwambia bintiye kwamba yeye mwenyewe ana nywele kama zile, na nyanya yake pia alikuwa nazo.

Mama msikilizaji, nywele zile nne hazikuwa zimemdhuru mtoto yule. Kilichomdhuru ni jinsi zilivyoondolewa.

Wanawake wengi wana nywele chache kuzunguka chuchu, na wengine wana chache katikati ya matiti. Huanza kuonekana wakati wa kubalehe, zaweza kuongezeka wakati wa ujauzito, na zaweza kuongezeka tena mwanamke anapokaribia kukoma hedhi. Zile za ujauzito mara nyingi hupungua zenyewe katika miezi 6 hivi baada ya kujifungua. Kwa wavulana, nywele za kifua huchelewa. Huja baada ya zile za sehemu za siri na za kwapani, na wengine hawazipati kabisa hata wakizeeka. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana, mmoja kifua laini, mwingine kifua kama zulia. Hakuna mgonjwa kati yao.

Kwa hiyo mtu akiamua kuziacha, aziache. Si uchafu. Maji na sabuni vinatosha. Lakini kama zinamsumbua, na hasa kama ni kijana anayechekwa na wenzake, usimwambie "hayo ni mambo madogo". Kwake si madogo, na ukimfukuza hivyo ataenda kuutafuta wembe peke yake.

Sasa, kwa nini kifua kinahitaji uangalifu kuliko mguu au kwapa? Kuna sababu mbili.

Ya kwanza ni nywele zenyewe. Nywele zetu Waafrika wengi zimejikunja. Hata mzizi wake chini ya ngozi umepinda. Ukinyoa karibu sana na ngozi, hasa ukiwa umeivuta ngozi kwa vidole, unywele hukatika ukiwa na ncha kali kama ya mwanzi uliokatwa mshazari, halafu hurudi ndani kidogo. Unapoanza kuota tena haupandi wima. Unajikunja na kuchoma ngozi, ama kutokea ndani, ama ukiwa umeshatoka nje ukarudi kuingia. Mwili nao hauelewi kwamba huo ni unywele wake mwenyewe. Unaushambulia kana kwamba ni mwiba. Ndipo unapoona vipele vigumu, vyekundu au vyeusi, vinavyowasha, wakati mwingine vyenye usaha. Wanaume wanaonyoa ndevu wanavijua sana vipele hivi, na kifuani vinatokea kwa njia ile ile.

Sababu ya pili ni kovu. Kuna watu ambao kidonda chao kikipona, kovu halisimami. Linaendelea kukua na kuvuka mpaka wa kidonda chenyewe. Hiyo ndiyo keloidi. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi na mara nyingi hufuata ukoo. Tena ina mahali inapopapenda: ndewe za masikio, mabega, taya, na katikati ya kifua, pale kwenye mfupa ulio kati ya matiti. Mahali hapo hata kipele kidogo, hata mkwaruzo, unaweza kuzaa keloidi. Tazama nyumbani kwako. Kama wewe, mtoto wako, au mmoja wa ndugu zako ana uvimbe wa kovu palipotobolewa sikio au palipochanjwa, basi wembe, nta na kung'oa nywele kifuani si vitu vyenu. Ninyi tumieni mkasi tu.

Hata madaktari wa upasuaji wameuacha wembe. Zamani mgonjwa alinyolewa kabisa kabla ya kupasuliwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba nywele zisiondolewe kabla ya upasuaji, na kama ni lazima zikatwe kwa mashine ya kupunguza nywele, si kwa wembe. Sababu ni kwamba wembe huacha michubuko midogo ambayo macho hayaioni, na vijidudu huingilia hapo. Mlezi unayeuguza mtu nyumbani, shika hilo. Kama unabandika plasta kwenye kidonda cha kifuani na nywele zinazuia, zipunguze kwa mkasi.

Basi tuje kwenye namna ya kufanya.

Njia ninayoipendekeza kwanza ni mkasi mdogo, ule wenye ncha butu unaotumika kukatia watoto kucha. Unapatikana madukani na bei yake si kubwa. Uoshe kwa sabuni na maji, ukaushe. Simama mbele ya kioo, mchana, mahali penye mwanga. Shika unywele, uukate ukiacha urefu kidogo, kama unene wa kiberiti. Usijaribu kufika kwenye ngozi. Ule urefu kidogo unaouacha ndio unaozuia unywele usirudi ndani. Nywele nne, tano au kumi hazichukui dakika mbili, na baada ya wiki kadhaa unarudia. Mwanamume mwenye nywele nyingi atumie mashine ya kunyolea nywele, ile ya umeme, akiwa amefunga kifaa chake cha kuachia urefu. Kama ni mashine ya kinyozi, isafishwe kwanza kwa dawa, na mtu asione haya kuomba hilo. Kinyozi mzuri hakasiriki.

Najua kuna atakayesema, "Mimi nataka kifua kiwe laini kabisa." Sawa. Kama huna historia ya keloidi na ngozi yako haina vipele wala vidonda, waweza kunyoa kwa wembe, lakini fuata taratibu.

Chagua wembe wenye ukali mmoja, mpya, wa kwako mwenyewe. Zile zenye makali matatu au manne zinavuta unywele na kuukata chini ya ngozi, na hilo ndilo tunalolikimbia. Kwanza punguza nywele kwa mkasi. Kisha oga maji ya uvuguvugu, au weka kifuani kitambaa safi kilicholoweshwa maji hayo kwa dakika 5, ili nywele zilainike. Paka povu jingi la sabuni isiyo na manukato makali, uliache dakika moja au mbili. Sasa angalia nywele zimelalia upande gani. Kifuani hazilali upande mmoja kama manyoya ya paka. Nyingine zinaelekea katikati, nyingine chini, nyingine zinazunguka chuchu. Fuata upande zilikolalia, hata kama inakulazimu kugeuza mkono mara nyingi. Usinyoe kinyume. Usivute ngozi. Usikandamize. Vuta kidogo kidogo, suuza wembe kila baada ya mvuto, na usirudi mahali pamoja zaidi ya mara mbili. Kama pamebaki unywele, uache ubaki.

Ukimaliza, mwagia maji baridi, kausha kwa kugusagusa na taulo safi bila kusugua, halafu paka mafuta mepesi yasiyo na manukato. Watu wetu wana tabia ya kumalizia kwa spiriti, maji ya ndimu, marashi ya baada ya kunyoa, au hata jiki iliyotiwa maji, eti inaua vijidudu. Mama, jiki ni ya kufulia. Vitu hivyo vinachoma ngozi iliyokwisha kuchubuka na kuifanya iwashe zaidi. Maji na sabuni vilikuwa vimekwisha kufanya kazi. Siku hiyo vaa nguo ya pamba isiyobana. Sidiria ya nailoni inayosugua juu ya ngozi iliyonyolewa sasa hivi ni chanzo cha vipele ambacho wengi hawakifikirii. Ndiyo maana ni afadhali kunyoa jioni, usiku ngozi ipumzike. Tena usinyoe kila siku.

Neno juu ya wembe wa nyumba. Katika nyumba nyingi kuna wembe mmoja unaokaa kwenye dirisha la bafu. Baba ananyolea ndevu, mtoto anachongea penseli, mama anakatia nyuzi, na jioni mtu ananyolea kwapa. Sote tumesikia juu ya virusi vya UKIMWI, lakini kuna kingine kigumu zaidi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili, katika damu iliyokauka, kwa siku 7 au zaidi, na bado vikaambukiza. Damu hiyo yaweza kuwa kidogo kiasi kwamba huioni. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa hiyo mwaka 2001, kwa hiyo wengi wetu tuliozaliwa kabla hatukuipata chanjo hiyo utotoni. Chunjua na vijidudu vya majipu navyo husafiri kwa wembe. Kila mtu awe na wake, aukaushe baada ya kutumia, na autupe ukianza kukwaruza. Kuuosha kwa maji ya moto halafu kumpa mwingine hakutoshi.

Tuje kwenye krimu na poda za kuondoa nywele. Hizi za kisasa zinayeyusha unywele. Ile poda wanayoitumia wanaume kwa ndevu mnaijua kwa harufu, inanuka kama yai viza. Sifa yake ni kwamba haiachi ncha kali, kwa hiyo vipele vya nywele kurudi ndani hupungua. Ubaya wake ni kwamba kitu kinachoujenga unywele ndicho hicho hicho kilichoko kwenye tabaka la juu la ngozi. Dawa ikikaa mno, baada ya kuyeyusha unywele inaendelea na wewe. Nimeona vifua vilivyoungua kama vilivyomwagiwa chai, kwa sababu mtu alipaka akaenda kupokea simu.

Kwa hiyo jaribu kwanza. Paka kidogo sehemu ya ndani ya mkono, iache kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, osha, kisha ngoja siku nzima, saa 24. Kama hapakuwasha wala kuwa pekundu, waweza kutumia kifuani. Paka bila kusugua, weka saa mbele yako, na ondoa kabla muda ulioandikwa haujapita. Ikianza kuchoma, iondoe mara moja hata kama dakika hazijaisha. Osha kwa maji mengi, bila sabuni. Usiipake kwenye chuchu wala kwenye lile duara jeusi linaloizunguka, wala kwenye ngozi iliyonyolewa jana, wala pale penye kidonda au chunusi. Na kama umenunua mahali ambapo pakiti imefutika maandishi au tarehe imepita, hizo pesa zihesabu zimepotea, usipake.

Kung'oa je? Wengine wanatumia kibanio cha nyusi, wengine uzi, wengine hushika unywele kwa majivu makavu kama walivyofanya wazee. Dada zetu wa Pwani wanajua sana kupika sukari na ndimu mpaka iwe kama gundi, wakaibandika na kuivuta. Nywele huchelewa kurudi, hilo ni kweli. Lakini unywele uliojikunja ukikatikia ndani badala ya kutoka na mzizi, unarudi kwenye tatizo lile lile. Sukari ikiwa ya moto mno inaunguza, na ngozi ya kati ya matiti ni nyembamba. Miguuni fanya kama umezoea. Kifuani mimi singefanya, na kwa mtu wa keloidi nakataa kabisa.

Kuna pia mashine za miale katika kliniki za mijini. Ni ghali, na zinahitaji kurudiwa mara nyingi. Mashine hizo hazifanani. Mwanga wake hushikwa na rangi nyeusi ya unywele, na nyingine haziwezi kutofautisha unywele mweusi na ngozi nyeusi, zinaunguza vyote. Kabla ya kulipa, uliza kama mashine ile imetengenezwa kwa ngozi kama yako na kama anayeiendesha ni daktari wa ngozi. Na kuna krimu ya eflonithini, inayopunguza kasi ya nywele za usoni kwa wanawake. Ina historia ya ajabu kidogo. Dawa hiyo ilikubaliwa Marekani mwaka 1990 kutibu malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na mwaka 2000 ikakubaliwa tena kama krimu ya nywele. Lakini ni ya uso, si ya kifua, na ukiacha kuipaka nywele zinarudi.

Mama unayenyonyesha, sasa naongea na wewe. Zile nywele kuzunguka chuchu hazimdhuru mtoto. Usizing'oe. Kila unywele unaong'olewa unaacha kishimo wazi, na chuchu ya mama anayenyonyesha imejaa unyevu, maziwa na mate ya mtoto. Vijidudu vikiingia, vinaweza kuleta jipu la titi. Kama zinakukera, zikate kwa mkasi ule mdogo baada ya mtoto kushiba, titi likiwa laini, kisha futa kwa maji safi ili vipande visiingie kinywani mwake. Usipake krimu ya kuondoa nywele wala dawa yoyote kali kwenye titi. Ukiona titi limevimba, lina joto, linauma, na mwili una homa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usiache kunyonyesha kwa sababu hiyo, isipokuwa mhudumu akuambie. Maziwa yakisimama ndani hali inakuwa mbaya zaidi.

Kuna swali ambalo huja karibu kila mara: "Nikinyoa, si zitaota nene na nyingi zaidi?" Hapana. Wembe unakata kilicho nje, mzizi uko chini ya ngozi na hauna habari. Mtafiti Mildred Trotter wa Marekani alilichunguza jambo hilo mwaka 1928 kwa kupima nywele za wanaume waliokuwa wakinyoa, akakuta kunyoa hakuzifanyi ziwe nene wala hakuongezi kasi yake. Zinahisi ngumu kwa sababu ncha imekatwa butu. Kwa kijana anayebalehe, nywele zingeongezeka hata bila wembe, ila wembe ndio unaolaumiwa.

Sasa, tuseme vipele vimekwisha kutokea. La kwanza ni kuacha kunyoa kabisa, kwa mwezi mmoja hivi. Hilo ndilo gumu, kwa sababu katika siku za mwanzo nywele zinapoota panawasha zaidi, na mtu anaona afadhali anyoe tena. Mvumilie. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, asubuhi na jioni. Ukiona unywele umejikunja kama pete juu ya ngozi, waweza kuinua ile pete kwa sindano iliyochemshwa, uiachie ncha yake itoke. Usiung'oe. Kama umezama, usichimbe. Usikamue. Nenda kituo cha afya kama panatoka usaha, panauma sana, pekundu panasambaa, au kuna homa. Na ukiona kipele kimepona lakini uvimbe unakua, mgumu na unawasha, usingoje miezi minne. Keloidi ndogo hutibika kwa urahisi kuliko kubwa.

Usikimbilie krimu yenye steroidi kwenye kemisti au kwa mchuuzi. Inapunguza mwasho siku mbili tatu, ndiyo, lakini ikitumika kwa muda mrefu inafanya ngozi kuwa nyembamba, inaleta chunusi, na, sikiliza hili vizuri, inaweza kuotesha nywele pale inapopakwa. Krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa vibandani zimechanganywa na steroidi bila kuandikwa. Nimekutana na mama aliyekuwa akipaka krimu moja ili awe mweupe, halafu akitumia nyingine kuondoa nywele zilizoletwa na ile ya kwanza.

Nimesema nywele za kifuani si ugonjwa. Lakini mara nyingine zinaleta habari za ugonjwa, na hapo kuzinyoa ni kuufunika moshi na kuuacha moto. Mwanamke au msichana ambaye nywele nyeusi na ngumu zinaongezeka kidevuni, kifuani na chini ya kitovu, na hedhi yake inakuja kwa kuruka miezi, au ana chunusi nyingi zisizoisha, au nywele za kichwani zinapungua mbele, apelekwe hospitalini. Huenda ni hali ya ovari ambayo madaktari wameizoea kwa herufi PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawapata wanawake 6 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Daktari atauliza maswali, atapima homoni katika damu, na huenda akataka picha ya tumbo. Kuna matibabu. Hali hiyo isipoangaliwa inaweza kuchelewesha kupata mtoto na kuongeza hatari ya kisukari. Wangapi kati yetu tunamjua mama aliyesemwa na wakwe miaka mingi, na kumbe ana ndevu anazonyoa kwa siri na hakuna aliyemuuliza juu ya hedhi?

Kama nywele zimekuja kwa ghafla, katika miezi michache tu, na sauti inakuwa nzito kama ya mwanamume, usingoje. Huo unaweza kuwa uvimbe unaotoa homoni. Na kama binti yako hajafikisha miaka 8, au mvulana wako miaka 9, na ameanza kuota nywele kwapani au sehemu za siri, mpeleke akaangaliwe. Mtoto mchanga aliyezaliwa na manyoya laini mabegani, mgongoni au kifuani ni habari nyingine kabisa. Hayo huanguka yenyewe katika wiki au miezi ya mwanzo. Usimsugue kwa unga wala kwa maziwa, na usimnyoe.

Dawa nazo huangaliwa. Fenitoini, ambayo wagonjwa wengi wa kifafa wanaitumia, inaweza kuongeza nywele mwilini. Mlezi, usimwachishe mgonjwa dawa ya kifafa kwa sababu ya nywele, kwa maana degedege zitarudi na zinaweza kumuua. Mwambie daktari, naye ataona kama kuna dawa nyingine.

Mtaniuliza yule binti alipona? Tulimpeleka kwa daktari wa ngozi katika hospitali ya rufaa. Anachomwa sindano ndani ya uvimbe kila baada ya wiki 4. Zinauma, asikudanganye mtu. Uvimbe umelainika na sasa analala usiku. Mama yake aliuliza kwa nini usikatwe tu, na akaelezwa kwamba keloidi ikikatwa bila matibabu mengine mara nyingi hurudi, wakati mwingine kubwa kuliko ya kwanza. Alama itabaki. Zile nywele nyingine anazikata kwa mkasi mdogo anaouweka katika kijikopo pamoja na mswaki wake, na mama yake amenunua wa kwake.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutaongea juu ya harufu ya kinywa kwa watoto wa shule. Mpaka wakati huo, kwaherini.